Kutabiri mshindi kati ya spishi mbili kwa kuchora mistari miwili

Milinganyo ya ushindani waliyoiunda Alfred Lotka na Vito Volterra katika miaka ya 1920 hutatuliwa kwa kompyuta bila shida, lakini nawasihi wanafunzi waanze na penseli, kwa kuwa mchoro huonyesha sababu ya matokeo.

Hatua ya 1. Andika milinganyo:

dN1/dt = r1N1(K1 − N1 − aN2)/K1
dN2/dt = r2N2(K2 − N2 − bN1)/K2

Namba 1 na 2 hutaja spishi ya kwanza na ya pili. N ni idadi ya viumbe, dN/dt ni kasi ya idadi hiyo kubadilika kwa wakati, r ni kasi yao ya kuongezeka pasipo msongamano, na K ni idadi ambayo mazingira huihimili spishi ikiwa peke yake. Kizigeu a hupima jinsi kiumbe mmoja wa spishi ya pili anavyoibana spishi ya kwanza, akilinganishwa na kiumbe mmoja wa spishi hiyo ya kwanza. Kizigeu b hupima mbano wa upande wa pili, yaani wa spishi ya kwanza kwa spishi ya pili.

Hatua ya 2. Kadiria r na K kwa kukuza kila spishi peke yake, kisha a na b kwa kuzikuza pamoja.

Hatua ya 3. Weka N1 kwenye mhimili wa mlalo na N2 kwenye wa wima. Mstari wa spishi ya kwanza huunganisha K1 kwenye mlalo na K1/a kwenye wima. Wa pili huunganisha K2/b kwenye mlalo na K2 kwenye wima. Ndani ya mstari wake (upande wa sifuri) spishi huongezeka, nje yake hupungua.

Hatua ya 4. Soma mchoro. Chukua K1 = 100, K2 = 80, a = 0.6 na b = 0.5. K1/a ni takriban 167, zaidi ya K2. K2/b ni 160, zaidi ya K1. Mistari inakatana, na spishi zote mbili zinadumu, takriban 74 na 43. Sasa badilisha a pekee iwe 1.4: K1/a inashuka hadi 71, mstari wa pili unakaa wote juu ya wa kwanza, na spishi yenye K ndogo ndiyo inayobaki. Hapo ndipo penye uzito wa modeli hii, kwamba wingi wa spishi ikiwa peke yake hauihakikishii ushindi.

Mwanabiolojia Mrusi G. F. Gause, katika kazi alizochapisha miaka ya 1930, alionyesha ushindani huo kwa spishi za Paramecium, viumbe wa seli moja: Paramecium aurelia humtokomeza P. caudatum wanapogombea bakteria, ilhali P. bursaria, anayejilisha hamira chini ya chombo, huishi pamoja na caudatum.

Zingatia kwamba r haikuingia popote katika uamuzi huu. Huwa na nguvu pale tu K1/a inapokuwa chini ya K2 na K2/b chini ya K1: hapo mmoja hutoweka, na idadi za mwanzo pamoja na r ndizo huamua ni yupi.