Somo: Fuata maji, achana na doa. Kukagua unyevu katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe

Mara nyingi nikiitwa, fundi ameshanitangulia. Ameshabandua lipu ya zamani, ameshapiga saruji, ameshapaka rangi ya mafuta inayong'aa, amelipwa na kuondoka. Masika moja yakipita doa linarudi, safari hii limepanda futi mbili zaidi. Ndipo mwenye nyumba ananipigia simu: hili doa tulifanyeje?

Doa ni mahali maji yalipotokea. Kazi ya mkaguzi ni kujua yalipoingilia, na baina ya pawili hapo pana safari ambayo wakati mwingine inaanzia nyumba ya jirani.

Kwanza uujue ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za karne ya 19. Kuta zake ni vipande vya mawe ya matumbawe vilivyopangwa kwenye udongo wa chokaa na mchanga, unene nusu mita au zaidi, na chini hakuna tabaka lolote la kuzuia maji ya ardhini. Waliojenga walijua ukuta utakunywa. Walichofanya ni kuupa njia ya kutoa: lipu ya chokaa, juu yake chokaa ya kupaka, na madirisha yanayopitisha upepo wa kusi na kaskazi. Ukiuziba kwa saruji hujayaondoa maji, umeyafungia mlango, nayo yatapanda mpaka yapate upenyo.

Hatua ya kwanza: anza juu. Wengi wanaanza kwenye doa la sebuleni kwa sababu ndilo linalowakera. Panda paani kwanza. Mapaa mengi ya zamani yalikuwa bapa, ya chokaa iliyopigwapigwa kwa siku kadhaa mpaka ikashikana, kisha yakaja kufunikwa kwa mabati. Tazama kutu, misumari iliyolegea, na hasa pale bati linapokutana na ukuta. Tazama gata zimeelekea wapi na kama zimejaa majani. Tazama matangi ya maji: bomba la kumwagia ziada linamwaga wapi? Nimeona ukuta wa ghorofa tatu umeoza kwa sababu ya tangi lililokuwa likifurika kila usiku maji yakija, na hakuna aliyekuwa macho saa hizo. Halafu viyoyozi. Kile kibomba cha maji cha kiyoyozi kilichoning'inia ukutani kinadondosha mchana kutwa, mwaka mzima, pale pale. Mvua hunyesha ikakoma, kiyoyozi hakikomi.

Hatua ya pili: toka nje, tembea kichochoroni. Pima kimo cha njia na kimo cha sakafu ya ndani. Vichochoro vimekuwa vikiongezwa zege na vigae miaka nenda miaka rudi, na katika nyumba kadhaa nilizokagua njia imeshapita sakafu. Hapo maji ya mvua yanalala yameegemea ukuta. Angalia pia baraza iliyosakafiwa saruji, mitaro iliyoziba, na shimo la choo liko umbali gani.

Hatua ya tatu: chora. Karatasi moja kwa kila chumba, kuta zote nne, na uandike urefu wa unyevu kutoka sakafuni kwa sentimita. Gonga lipu kwa mpini wa bisibisi: iliyoachana na ukuta inalia kama debe tupu. Doa lenye mstari ulionyooka, mita moja hivi kutoka chini, na ukoko mweupe wa chumvi kwenye ukingo wake wa juu, kwa kawaida ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa la duara katikati ya ukuta ni bomba au ni mvua inayopenya. Doa la kona ya juu ni paa. Nimesema kwa kawaida. Niliwahi kuandika katika ripoti kwamba ukuta wa nyumba moja Kiponda unapandisha maji ya ardhini, mstari umenyooka, chumvi ipo, kila kitu kama kitabuni. Miezi minane baadaye jirani alichimba bafu lake, likakutwa bomba lililopasuka limelala sambamba na ukuta ule ule. Tangu siku hiyo siandiki chanzo kabla sijagonga hodi kwa jirani.

Kama unashuku bafu la juu, nunua dukani rangi ya biriani, ikoroge kwenye ndoo, imwage kwenye tundu la maji la bafu, ungoje siku moja mpaka tatu. Dari ya chini ikitoka manjano, kesi imekwisha.

Hatua ya nne: mita ya unyevu, na tahadhari yake. Ile mita yenye sindano mbili imetengenezwa kwa ajili ya mbao. Inapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi inapitisha umeme kama maji yanavyoupitisha. Ukuta wa pwani umejaa chumvi, kwa hiyo mita italia na kuwaka taa nyekundu hata pale ambapo maji yaliondoka zamani. Mimi naitumia kulinganisha mahali na mahali katika ukuta mmoja. Anayekuonyesha namba ya mita hiyo na kukwambia "ukuta una asilimia 28 ya maji" ama hajui, ama ana dawa ya kukuuzia.

Hatua ya tano: chukua unga wa ukuta. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nitakwenda polepole.

Toboa kwa drili ya mwendo mdogo ili unga usipate moto ukakauka. Tenganisha unga wa lipu na unga wa ndani ya ukuta, kila mmoja kwenye kichupa chenye kifuniko, uandike urefu na kina. Pima uzito siku hiyo hiyo kwa mizani ya gramu, kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, pima upya. (Nina oveni yangu ndogo. Ile ya jikoni nilifukuzwa.)

Mfano: unga wa lipu, sentimita 30 kutoka sakafuni, ulikuwa gramu 46.0, ukakauka kuwa 41.8. Tofauti ni 4.2, gawanya kwa 41.8, unapata asilimia 10. Wengi wangeishia hapo na kusema ukuta umelowa.

Mimi naendelea. Chukua unga ule ule uliokauka, uweke kwenye kisahani ndani ya kopo linalofunga vizuri, na pembeni yake weka bakuli la maji yaliyotiwa chumvi ya mezani mpaka chumvi imegoma kuyeyuka. Maji hayo hufanya hewa ya ndani ya kopo ibaki kwenye unyevu wa asilimia 75, kiwango ambacho hewa ya Unguja hukifikia mara nyingi. Uache wiki moja, pima. Unga wangu ulirudi mpaka gramu 44.7. Yaani bila kuguswa na tone la maji, umejinywea asilimia 7 kutoka hewani. Katika zile 10, maji halisi ni 3 tu. Unga wa ndani ya ukuta ulikuwa na asilimia 4, na kopo liliurudishia 1, kwa hiyo maji ya kweli huko nako ni 3. Ukuta ule haukuwa na mafuriko. Ulikuwa na lipu iliyoshiba chumvi, inayovuta unyevu kila hewa inapokuwa nzito. Dawa yake ilikuwa kuibandua lipu ile na kuitupa mbali. Mwenye nyumba alikuwa ameshapewa makadirio ya kuchimba msingi mzima.

Hatua ya sita: boriti. Dari zetu zimelala juu ya miti ya mikoko, na urefu wa miti hiyo ndio uliofanya vyumba viwe virefu na vyembamba, upana wa mita 3 hivi. Boriti huoza pale kichwa chake kilipoingia ukutani, mahali usipopaona. Chukua bisibisi nyembamba, ichome boriti karibu kabisa na ukuta, upande wa chini na wa pembeni. Mti mzima unakataa. Mti uliooza unapokea kama keki. Tafuta vichuguu vya mchwa. Ukikuta vichwa vitatu vinavyofuatana vimelainika, hamisha vitanda na makabati ya chumba cha juu siku hiyo hiyo, kabla ya kuandika chochote.

Hatua ya saba: nyufa. Ufa wa unywele kwenye lipu uandike tu. Ufa unaopita milimita 5, au uliopanuka juu kuliko chini, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, muite mhandisi. Chora kwa penseli mstari mfupi mwishoni mwa kila ufa, andika tarehe, rudi baada ya miezi mitatu. Lakini kinachonitisha zaidi ya ufa ni tumbo. Teremsha timazi kutoka dirisha la juu utazame kama ukuta umejitokeza katikati. Kuta za mawe ya matumbawe zina ngozi mbili na kifusi katikati. Maji yakiosha chokaa ya ndani, ngozi zinaachana huku rangi ya nje ikipendeza. Sote tunaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilipoanguka na watu wawili wakafariki.

Katika ripoti panga kazi kwa mpangilio huu: zuia maji ya juu, toa maji ya chini, bandua saruji, acha pakauke, ndipo lipu ya chokaa. Na kabla fundi hajagusa chochote Mji Mkongwe, pata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mombasa, Mji wa Kale): Kaka, kuna jamaa wanadunga dawa ukutani kwa mashimo, wanasema maji hayapandi tena. Ni kweli?

Jibu: Dawa hiyo inahitaji mstari usiokatika, kama ule wa udongo kati ya safu mbili za tofali. Ukuta wetu ni mawe ya kila umbo yenye matundu katikati. Dawa inateremkia kwenye matundu inapotea, wewe unalipia lita zilizoingia ardhini. Kwanza shusha kimo cha udongo wa nje, safisha mtaro, bandua saruji mita moja na nusu kutoka chini, usubiri msimu mmoja.

Swali (Muscat): Assalaam alaykum. Tumerithi nyumba Malindi ya Unguja, imefungwa tangu marehemu bibi alipofariki. Binamu ametuma picha, kuta zote zina kuvu. Unaweza kuikadiria kwa picha ili tugawane?

Jibu: Waalaykumu ssalaam. Allah amrehemu bibi. Kwa picha siwezi, na anayekubali usimwamini. Mwombe binamu afungue madirisha yote, ya mbele na ya uani, kwa wiki mbili. Kuvu ya nyumba iliyofungwa nyingi ni hewa iliyolala. Kisha apige picha za paa, za vichwa vya boriti kwa karibu, na za kuta za nje kutoka kichochoroni, na sarafu kando ya kila ufa ili nione ukubwa. Mkimaliza hayo tupange siku ya ukaguzi. Msigawane kabla, kwa sababu atakayepewa upande wenye boriti mbovu atakuja kuona amedhulumiwa.

Swali (Lamu): Mwalimu, lipu ya chokaa naichanganyaje? Mafundi wazee wametuishia.

Jibu: Chokaa moja, mchanga mitatu, na mchanga usiwe wa ufukweni. Chokaa izimwe, yaani itiwe maji, mapema, ilale chini ya maji wiki kadhaa; kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika. Vaa miwani wakati wa kuzima, ikiruka jichoni inaunguza. Rowesha ukuta, piga tabaka la sentimita moja tu, ngoja lishike, ndipo la pili. Lifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa lisipigwe na jua, maana likikauka haraka linageuka unga.

Swali (Mkunazini): Mimi mpangaji. Kuvu iko nyuma ya kabati tu, na chumba kina kiyoyozi. Ukuta mbovu?

Jibu: Bandika kipande cha foili ukutani, kingo zote kwa selotepu, siku mbili. Matone yakiwa juu ya foili, ni mvuke wa hewa unaogeuka maji penye baridi: sogeza kabati upana wa vidole vinne kutoka ukutani, na usiwashe kiyoyozi huku dirisha liko wazi. Matone yakiwa nyuma ya foili, mwite mwenye nyumba.

Swali (fundi, Ng'ambo): Mnatuonea sana sisi wa saruji. Mteja ndiye anayeitaka, na chokaa inachukua mwezi mzima.

Jibu: Kweli fundi, na lawama nyingi ni za wateja. Saruji ipeleke kwenye nyumba ya tofali za saruji, huko ni kwao. Kwa nyumba ya mawe, mweleze mteja bei ya mara mbili: ya leo, na ya kubandua baada ya masika mawili. Akisisitiza, mwandikishe karatasi.

Swali (Mombasa tena): Nimebandua saruji wiki iliyopita. Rangi nipake lini? Ukuta ni sentimita 55, na upande wa pili ni wa jirani, una saruji.

Jibu: Kadirio la wakaguzi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 ya unene, na wako unatoa maji upande mmoja tu. Hesabu inakaribia miaka miwili. Paka chokaa nyeupe sasa hivi, inapumua. Rangi ya dukani isahau kwanza, na mwombe jirani naye abandue.