Kumjenga binti ajithamini bila kutegemea mpenzi

Anza na mahitaji. Binti asiye na pedi wala nauli huanza kujipima kwa yule anayempa lifti ya bodaboda na chipsi mayai, na mahubiri hayatamfaa. Mwekee pedi za mwezi mzima na nauli ya wiki, bila kumsubiri aombe.

Kisha achague mwenyewe ujuzi ambao ukuaji wake unaonekana kwa macho: ususi wa nywele, mpira wa pete, kushona. Siku mbili kwa wiki, saa moja moja, kwa miezi mitatu. Akisuka twende kilioni ya kwanza ikalegea, usiifumue wewe. Muulize mkono ulilegea wapi, kisha airudie. Kujiamini huzaliwa hapo, anapoona kosa lake limerekebishwa kwa mikono yake.

Ukimsifu, taja alichofanya: "Umemuuliza mwalimu bila kuogopa." Asisikie "umependeza" tu kila siku.

Akiachwa, usimwambie "utapata mwingine". Unamthibitishia kuwa bila mvulana amepungukiwa. Msikilize, na kesho yake aende mazoezini kama kawaida. Usimkebehi kijana yule: binti atamtetea, nawe hutaambiwa siri tena.