Kuchukua sampuli ya kinyesi cha sokwe

Wahi alfajiri, kabla sokwe hawajatoka bandani. Wakiamka hujisaidia, kama sisi tu. Tunatafuta bakteria wa tumboni, na ukichelewa, wale wasiopenda hewa wanakufa na wengine wanaongezeka.

Barakoa kwanza, halafu glavu. Barakoa si ya harufu (utaizoea). Mafua yako wewe yanaweza kumuua sokwe. Ukiwa na kikohozi, baki nyumbani.

Hakikisha umemwona aliyejisaidia. Rundo lisilo na mwenyewe liache, na lile ulilorushiwa usilihesabu, maana limeshapita mkononi mwake. Rundo lenye mwenyewe lipasue kwa kijiti safi, uchote katikati kiasi cha punje ya harage. Upande uliogusa sakafu utakupa bakteria wa sakafu. Tumbukiza kwenye kichupa chenye spiriti (ethanoli) ya asilimia 95. Ile ya 70 haihifadhi vizuri.

Jina, tarehe na saa viandikwe kwa penseli. Mimi nilitumia kalamu ya wino. Spiriti ikavuja, maandishi yakayeyuka, nikabaki na vichupa kumi na viwili vya mavi yasiyo na mwenyewe. Nilivitupa vyote.

Andika pia alichokula jana, na dawa akipewa, hasa antibayotiki, kwani huua hata bakteria wasio na kosa. Sokwe wa Sweetwaters, makazi ya sokwe katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, ambako wa kwanza waliletwa kutoka Burundi mwaka 1993, hawaishi kwa matunda ya msituni. Chakula kikibadilika, bakteria nao hubadilika, na maabara haiwezi kukisia kama jana ilikuwa zamu ya kabichi.