Santuri au CD: Namna ya Kuchagua kwa Usikilizaji wa Nyumbani

Kwa vipimo vya kitaalamu CD inaishinda santuri, na ni vyema kulikubali hilo mapema ili uamuzi wako usijengwe juu ya uvumi. CD, iliyobuniwa na kampuni za Philips na Sony na kuanza kuuzwa mwaka 1982, huhifadhi sauti kwa tarakimu, sampuli 44,100 kwa kila sekunde, kila moja ikiwa na biti 16, na kwa hiyo inaweza kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Santuri ya vinaili hubeba sauti ndani ya mfereji mwembamba unaosomwa na sindano, nayo hata ikiwa mpya kwa kawaida haivuki sana desibeli 70. Isitoshe, kuna mngurumo wa mota, milio ya kupasukapasuka inayoletwa na vumbi, na ukwaruzo wa sauti unaoongezeka kadiri sindano inavyokaribia katikati, ambako kila mzunguko huwa mfupi zaidi ilhali kasi ya sahani haibadiliki.

Hata hivyo, wasikilizaji makini wanaodai kwamba santuri ya albamu fulani inawapendeza kuliko CD yake si lazima wawe wanajidanganya. Mara nyingi tofauti wanayoisikia imetokana na jinsi fundi alivyoitayarisha nakala kuu kabla ya kuzalishwa. Tangu miaka ya 1990, muziki mwingi wa CD umebanwa ili kila kitu kisikike kwa nguvu ileile, jambo ambalo huyachosha masikio baada ya nyimbo chache. Santuri nayo ina mipaka inayomlazimisha fundi kuwa na kiasi, kwani besi nzito iliyoelekezwa spika moja tu inaweza kuirusha sindano nje ya mfereji. Kwa sababu hiyo, chunguza toleo la albamu kabla ya kuchunguza umbo lake: CD ya miaka ya 1980 wakati mwingine huwa na uhai kuliko toleo la baadaye linalotangazwa kuwa limeboreshwa, na santuri mpya inaweza kuwa imetengenezwa kutokana na nakala ileile iliyobanwa.

Suala la mitambo ndilo linalostahili kukuamulia, hasa ikiwa fedha zako ni za kuhesabu. Kicheza CD cha kawaida, kikiunganishwa na amplifaya na spika nzuri, hutoa sauti iliyo karibu sana na ile ya kicheza cha gharama kubwa. Kwa santuri mambo ni tofauti, kwa maana ubora wa sindano, usawa wa mkono unaoibeba na uthabiti wa meza inayoizungusha sahani huingia moja kwa moja katika sauti. Sindano nyingi hutakiwa kukandamiza sahani kwa uzito wa gramu 1.5 hadi 2, na uzito huo hurekebishwa kwa mkono kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Ukipungua mno, sindano hurukaruka na kuharibu mfereji. Unahitaji pia kikuza sauti maalumu cha santuri, kwa kuwa umeme unaotoka kwenye sindano ni hafifu mno, na kwa kuwa mfereji wa santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa, hali ambayo sharti igeuzwe wakati wa kusikiliza. Vile vicheza vya sanduku vyenye spika ndani yake siwezi kumshauri mtu avinunue, hata kama vinapendeza machoni.

Fikiria vilevile mazoea yako. Upande mmoja wa santuri huchukua dakika ishirini na kitu, kisha lazima uinuke uugeuze. Wapo wanaofurahia kutulizwa na utaratibu huo, na wapo wanaopika au kufanya kazi huku muziki ukiendelea, ambao CD yenye zaidi ya dakika 70 itawafaa zaidi. Kwa anayeanza bila mkusanyiko wowote, mimi ningependekeza CD, na santuri zifuate kwa albamu chache anazozipenda kwa dhati.

Ukinunua vitu vilivyokwisha tumika, itazame santuri kwa taa ya pembeni, upuuze alama nyepesi za juujuu na kuikataa yenye mikwaruzo inayohisika kwa ukucha au iliyopinda. CD iinue mbele ya taa: vitobo vinavyopitisha mwanga vinaonyesha kwamba tabaka la kuakisi limebanduka. Mikwaruzo ya upande unaosomwa na leza mara nyingi husafishika kwa kusuguliwa, lakini ile iliyozama upande wa lebo, ambako tabaka hilo limefunikwa na rangi nyembamba tu, haina tiba.