Kulinda Upawa wa Chuma Unaochota Alumini Iliyoyeyuka

Katika karakana ya kusubu metali, vifaa vya chuma huliwa na kutu, mchanga na moto, lakini upawa wa kuchotea alumini huliwa zaidi na alumini yenyewe. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, kiwango kilicho chini sana ya kile cha kuyeyushia chuma. Hata hivyo, chuma kikizama humo humumunyika kidogokidogo, kama chumvi majini. Upawa hukonda, na chuma kilichoingia katika alumini huganda kama vijisindano vinavyoifanya bidhaa ivunjike upesi. Kwa hiyo usiuache upawa chunguni kati ya mchoto mmoja na mwingine, wala usizidishe moto bila sababu, kwa kuwa kadiri joto linavyopanda ndivyo ulaji unavyoongezeka.

Kinga yenyewe ni kupaka. Sugua upawa kwa brashi ya waya mpaka kutu na magamba ya zamani yaishe, kwa maana kilichopakwa juu ya kutu hubanduka pamoja nayo. Upashe moto kiasi kwamba tone la maji likidondoshewa litokote na kukauka palepale. Likirukaruka kama ushanga, chuma kimezidi moto, basi subiri kipoe kidogo. Hapo paka unga laini wa chaki uliokorogwa kwa maji na silikati ya sodiamu, kimiminika kinachoshikisha kama gundi. Matabaka mawili membamba hushika vizuri kuliko moja nene, ambalo hupasuka likikauka.

Kabla ya kuchota, ushikilie upawa juu ya tanuri mpaka unyevu wote utoke. Hili halina mjadala: maji yakinaswa chini ya alumini hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni mwa mtu, na kutu nayo huficha unyevu.

Kazi ikiisha, kwangua mabaki upawa ungali na joto. Chumvi za kusafishia alumini huvuta unyevu hewani, hivyo upawa ulioachwa nazo usiku kucha huamka na kutu.

Chunguza hasa mdomo wa kumiminia na mahali mpini ulipochomelewa. Ukiona vishimo au ukingo umekonda kama bati, utupe. Binafsi siafiki kuchomelea kiraka, kwa sababu nyuma yake hubaki mwanya ambamo unyevu hujificha pasipo kuonekana.