Unataka kufungua baa au chumba cha PS Kenya? Anzia hapa kabla hujalipa diposti

Kama una kapesa kako na umeona nyumba ya biashara pale karibu na stage, na mpango ni kuweka baa, meza mbili za pool na PlayStation kadhaa za vijana ndani ya mlango mmoja, jibu langu ni hili: gawanya. Baa iwe baa, PS iwe PS, kila moja na mlango wake na karatasi zake. Nitakuambia kwa nini, lakini acha tuanze na mahali pa kwenda kuuliza maana watu wengi bado wanadhani leseni ya pombe inatoka kwa serikali kuu.

Tangu Katiba ya 2010, kazi hii ni ya kaunti. Ukifungua Jedwali la Nne utakuta burudani za umma, kamari, leseni za pombe, hadi sinema na maonyesho ya video, zote zimewekwa kwa kapu moja la kaunti. Kwa hivyo Kilifi ina sheria yake ya pombe, Nakuru yake, Nairobi yake ya 2014, na ada hazifanani hata kidogo, usishike bei ambayo binamu yako alilipa Machakos ukadhani ndiyo hiyo kwenu. Bei halisi zimeandikwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti yako ya mwaka huo. Iombe ofisi ya mapato ya sub-county au itafute kwa tovuti ya kaunti, usome safu ya baa na safu ya michezo, ndio ukiambiwa bei na mtu ujue kama unaambiwa ukweli.

Sasa kitu ambacho kinaua leseni nyingi hata kabla fomu haijajazwa ni mahali. Sheria ya vileo ya kitaifa ya 2010, ile watu wanaita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, inasema baa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya nasari, msingi, sekondari au taasisi yoyote ya masomo ya walio chini ya miaka 18. Watu huangalia ile sekondari kubwa yenye geti na basi, wanasahau kuna nasari ya watoto ishirini nyuma ya kanisa. Fungua ramani kwa simu, bonyeza hapo kwa nyumba unayotaka, upime umbali hadi kila shule unayoiona, kisha utoke utembee mitaa yote ya hapo nyuma kwa miguu asubuhi ukiangalia yunifomu zinaelekea wapi, kwa sababu nasari nyingi hazipo kwa ramani. Fanya hivyo kabla ya diposti. Mwenye ploti atakuambia "hapa pamekuwa baa miaka yote," na pengine ni kweli, lakini leseni ni ya yule mtu aliyeomba na nyumba aliyoombea, haikuji na funguo. Wewe utaanza upya au utafuata utaratibu wa kuhamisha, na kamati inaweza kukataa.

Angalia pia kama hapo ni makazi. Novemba 2022 kaunti ya Nairobi ilifuta leseni za naitiklabu zilizo kwa mitaa ya makazi, halafu Machi 2024 Wizara ya Usalama wa Ndani ikatoa masharti yake juu ya baa za mitaani na zilizo karibu na shule. Hata kama sehemu yako imetulia leo, ukiwa chini ya ghorofa lenye familia uko kwa foleni ya malalamiko, na spika ndiyo itakayokuchoma kuliko pombe.

Ukishapata mahali pasafi, karatasi zenyewe si ngumu, ni nyingi tu. Kitambulisho au usajili wa kampuni, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), mkataba wa nyumba, kibali cha biashara cha kaunti (Nairobi unaombea kwenye NairobiPay, mfumo wa kaunti wa mtandaoni), cheti cha zimamoto, na ripoti ya afisa wa afya. Huyu afisa wa afya ataenda moja kwa moja chooni, afungue mfereji aone kama maji yapo kweli, aulize kama choo cha wanawake ni tofauti, halafu aulize mlango wa nyuma unatokea wapi. Rekebisha hayo kwanza, counta ya marumaru itangoja. Wahudumu nao wapimwe, cheti cha wanaogusa chakula ni cha miezi 6 kwa hivyo andika tarehe ukutani.

Fomu ya pombe inaenda kwa kamati ya sub-county. Maombi yanabandikwa hadharani ili wananchi wapinge wakitaka, kisha unaitwa mbele ya kamati. Hapa ushauri wangu ni usingoje kubandikwa, nenda usalimie majirani, chifu, na huyo mwalimu mkuu wa shule iliyo mita 400, uwaambie unafunga saa ngapi na muziki utakuwa wa aina gani. Mtu uliyeongea naye mapema mara nyingi hapingi. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, ni haki yako chini ya kifungu cha 47 cha Katiba, na hiyo barua ndiyo utakayoitumia kwa rufaa.

Saa za baa ya kawaida kwa sheria ya 2010 ni saa 11 jioni hadi saa 5 usiku Jumatatu hadi Ijumaa, na wikendi na sikukuu kuanzia saa 8 mchana. Naitiklabu, hoteli na supamaketi ni aina nyingine za leseni na saa zao ni tofauti, kwa hivyo chagua aina kulingana na biashara unayofanya kweli, si ile ya bei rahisi. Mwenye leseni ya duka la wines, yaani la kuuza pombe ya kubeba, akiweka viti na glasi hapo nje amejiuzia kesi.

Turudi kwa PS. Baa hairuhusiwi kuingiza mtu wa chini ya miaka 18, na wateja wako wengi wa FIFA, ile geimu ya mpira, saa 9 mchana ni nani? Watoto wa shule. Mlango ukiwa mmoja, kila mtoto anayeingia kucheza anaiweka leseni ya pombe hatarini, hata kama hajagusa soda. Chumba cha PS peke yake kinatosha na kibali cha biashara kilichoandikwa burudani au michezo, ukionyesha muvi ongeza leseni ya bodi ya filamu, KFCB. Muziki nao una ada yake. Weka kanuni yako kwamba yunifomu haiingii saa za masomo, maana mzazi mmoja mwenye hasira anatosha kukuletea chifu. Pool ndani ya baa ni sawa, hakikisha tu kibali kinaitaja.

Lakini zile mashine za kuingiza sarafu ya ishirini bob halafu taa zinazunguka, hizo si geimu. Hiyo ni kamari, iko chini ya sheria ya kamari, ambayo 2025 ilipata mpya badala ya ile ya 1966, na kibali cha PS hakiifuniki. Serikali imezikusanya na kuzichoma mara kadhaa. Mtu akikuletea moja bure akisema mgawane mapato, ujue ikishikwa iko dukani kwako, na yeye simu yake itakuwa mteja hapatikani.

Leseni ikitoka ni ya miezi 12, anza kuomba nyingine mapema si wiki ya mwisho. Lipa kwa paybill ya kaunti pekee, tundika leseni yenyewe ukutani mahali inapoonekana na nakala uweke nyumbani. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakija usiku, omba kitambulisho cha kazi, waonyeshe leseni, na wakibeba kreti zako wakuandikie orodha ya walichobeba, idadi na aina, kabla gari haijaondoka.