Kupima Deni la Shahada ya Uuguzi kwa Mshahara Utakaobaki Mkononi

Kijana wa Mombasa anayepata nafasi ya kusomea shahada ya uuguzi, iwe katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au mbali zaidi bara, anaijua karo leo, lakini mshahara ataujua baada ya miaka mitano au zaidi. Familia nyingi huvuka pengo hilo kwa kulinganisha deni zima na mshahara unaotajwa katika tangazo la kazi, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Deni hulipwa kwa fedha zinazobaki mkononi baada ya makato, tena hulipwa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo pande zote mbili zapasa kupimwa kwa kipimo hicho kimoja.

Anza na deni lenyewe. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, gharama ya mwanafunzi aliyepangiwa chuo kikuu cha umma hugawanywa mafungu matatu: ufadhili wa serikali usiorudishwa, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), na mchango wa familia. Andika kila fungu peke yake, kisha uzidishe kwa miaka minne. Fedha za kujikimu zinazoingia katika akaunti ya mwanafunzi ni mkopo vilevile, ingawa vijana wengi huzitumia kana kwamba ni zawadi. Mchango wa familia nao, ukitoka katika chama au sako, ni deni la nyumba hiyo na uingie katika hesabu.

Baada ya hapo geuza jumla iwe malipo ya mwezi. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tuseme deni limefika shilingi 400,000 na litalipwa kwa miaka minane: kila mwezi ni takriban shilingi 4,880, na jumla itakayolipwa ni karibu 468,000. Deni hilohilo likichukuliwa benki kwa riba ya, tuseme, asilimia 16, malipo ya mwezi hupanda hadi takriban 7,410 na jumla kupita 711,000. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ya zaidi ya shilingi 240,000 yatosha kumfanya mzazi amalize kwanza njia za HELB, basari ya kaunti na basari ya NG-CDF, yaani mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneo bunge, kabla ya kubisha hodi benki.

Wako wazazi wengi hapa Pwani wasioingia katika riba kwa sababu ya dini, na msimamo wao unastahili kupangiwa hesabu yake, si kupuuzwa. Kwao, basari, harambee ya ukoo na benki zinazofuata sharia ndizo za kutazamwa mwanzo. Benki ya namna hiyo huweka faida yake wazi tangu siku ya mkataba, basi uliza jumla yote itakayolipwa, uigawanye kwa idadi ya miezi, na ulinganishe kama ulivyofanya hapo juu.

Sasa geukia mshahara. Usichukue kiasi cha juu ulichosikia. Muulize muuguzi aliyeajiriwa karibuni na kaunti, mwingine aliye katika hospitali ya kibinafsi, na wa tatu aliye kwenye kandarasi, kwa maana watatu hao wanaweza kufanya kazi ileile na kulipwa tofauti kabisa. Waulize pia ni kiasi gani ni mshahara wa msingi na kiasi gani ni marupurupu. Chukua mfano wa mshahara wa jumla wa shilingi 60,000, kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, huchukua asilimia 6, yaani 3,600. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, yaani 1,650; tozo ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani 900. Na kodi ya mapato, baada ya nafuu ya 2,400, ni takriban 8,540. Kinachobaki ni kama shilingi 45,310. Ondoa 4,880 za HELB, utabaki na 40,430 za kodi ya nyumba, chakula, nauli na wadogo zako wanaosubiri karo. Andika matumizi hayo kwa bei za mtaa utakaoishi: anayevuka feri ya Likoni kwa miguu halipi kitu, ilhali anayepanda matatu mbili kutoka Bamburi hulipa kila siku ya kazi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni muda. Mhitimu wa shahada hufanya mwaka mmoja wa uanagenzi, na hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi ili apate leseni. HELB humpa mkopaji mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kumdai. Maana yake ni kwamba mwaka wa uanagenzi ndio uleule wa nafuu, na kama nafasi ya uanagenzi itachelewa, deni laweza kuanza kudaiwa kabla ya ajira yoyote ya kudumu. Weka basi katika hesabu yako miezi 12 isiyo na mshahara kamili, na uamue mapema ni nani atakayekulisha.

Kisha ilinganishe shahada na stashahada ya miaka mitatu, inayofundishwa hapahapa Mombasa katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambako mwanafunzi anaweza kuishi nyumbani na pia kuomba mkopo wa HELB. Swali la haki si kama mwenye shahada hulipwa zaidi, bali kama ziada hiyo, baada ya makato, inafidia deni kubwa zaidi na miaka miwili ambayo mwenye stashahada alimtangulia kuanza kazi. Kwa familia isiyo na akiba, mimi ningependekeza stashahada kwanza na shahada baadaye akiwa kazini, mradi kijana atafute ajira kwa bidii, kwa kuwa wenye stashahada nao husubiri. Kwa aliyepata ufadhili mkubwa wa serikali na mkopo mdogo, shahada moja kwa moja ndiyo bora.

Ikitokea kazi imechelewa, usinyamaze. Anayekosa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo katika mfano wetu inazidi malipo yenyewe, na jina lake laweza kupelekwa katika orodha ya wadaiwa sugu. Iandikie HELB mapema ueleze hali yako, na uhifadhi nakala ya barua.